Usingizi wa Mchana: Uvivu au Ugonjwa?

Hapa Bunia, kama mahali pengine, mtu asinziaye mchana huitwa mvivu. Mwanafunzi akilala juu ya dawati, mwalimu humkemea. Baba akisinzia mezani, watu husema alikesha akinywa. Pengine ni kweli. Lakini mzazi mwenye busara hapimi kwa fimbo.

Basi tupimeje? Mwaka 1991 daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, alitoa maswali 8. Je, mtu husinzia akisoma? Akiketi mkutanini? Akisafiri garini muda wa saa nzima? Hata akizungumza na mwenzake? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Anayepita 10 kati ya 24 yafaa amwone mganga. Maswali hayo hayataji ugonjwa; yaonyesha tu kwamba usingizi umezidi kiasi.

Kisha tafuteni sababu. Wako hapa mjini waliokimbia vita vijijini mwao, wanaolala kwa hofu na kwa kubanana: hao husinzia kwa kukosa usingizi wa usiku. Mwingine hukoroma, pumzi ikikatika mara kwa mara, akaamka amechoka. Mwingine amepungukiwa damu.

Iko sababu nyingine ambayo Kongo haiwezi kuisahau: malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Mwanzoni ni homa, maumivu ya kichwa, na pengine tezi zilizovimba nyuma ya shingo. Vijidudu vikiisha kuingia ubongoni, mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, na tabia yake hubadilika hata majirani wakadhani amerogwa. Asipotibiwa, mwisho wake kwa kawaida ni kifo.

Mwaka 1998 nchi yetu iliandikisha wagonjwa zaidi ya 26,000. Tangu 2018 dunia nzima haifikishi 1,000 kwa mwaka. Ni furaha kubwa. Lakini ugonjwa uliokuwa adimu husahauliwa upesi.

Zamani dawa ya malale yaliyofika ubongoni, melasoproli yenye arseniki, iliua yenyewe wagonjwa kama 5 katika kila 100. Mwaka 2018 Kongo iliidhinisha feksinidazoli: vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula kwa siku 10.

Baba na mama, dalili ya mvua ni mawingu. Mtoto aliyekuwa hodari akianza kusinzia kila siku, msimpige wala msimpeleke kwa mpiga ramli. Mpelekeni hospitali, apimwe damu na shingo yake ipapaswe. Fimbo haimwamshi mgonjwa.