Rada ya Mwanza na mvua ya alfajiri ziwani

Shemeji yangu hununua dagaa mialoni karibu na Mwanza na kuwavusha Rusumo hadi Kigali. Likizo iliyopita nilimsindikiza. Siku ya pili mvua ilinyesha alfajiri, dagaa walioanikwa mchangani wakaloa, na wachache waliokuwa wamekauka wakapanda bei kabla ya jua kutoka.

"Shemeji, wewe ni mwalimu na umesoma huku," akaniambia. "Kwa nini ziwa hili hupenda kunyesha usiku?"

Kweli nilisoma huku, Karagwe, nikiwa mtoto wa wakimbizi. Somo lenyewe hadi leo nalifundisha. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo ukavuma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto, na upepo wa kila upande huelekea ziwani, ukakutana huko na kupanda juu. Hapo dhoruba huzaliwa, saa zile zile wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao.

Siku hizi makutano hayo yanaweza kuonekana. Rada ya Mwanza hurusha mawimbi ya redio; yakigonga matone ya mvua hurudi, na namna yalivyobadilika huonyesha kama matone yanakuja au yanakwenda. Hata bila mvua, wadudu waliobebwa na upepo huweza kuonekana kama mstari mwembamba, ndipo pepo zinapokutana. Puto la hali ya hewa, linalorushwa mara moja au mbili kwa siku, haliwezi kukesha hivyo. Mwaka 2019, katika mradi wa HIGHWAY ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wataalamu waliitumia rada hiyo kuchunguza dhoruba za Ziwa Victoria.

Lakini dunia ni mviringo. Mwali wa rada ulioinuliwa nusu digrii, ukifika usawa wa Bukoba, unapita zaidi ya kilomita 3 juu ya maji. Wingu refu la radi litaonekana. Upepo wa chini uliolizaa hautaonekana. Mimi naona jambo hili halisemwi vya kutosha.

Jioni nilimchorea mvuvi mmoja ule mstari mchangani. Aliutazama, akauliza taarifa hiyo itamfikia kwa njia gani. Nikamwambia, kwa simu.

Akanionyesha kisiwa. "Mtandao unaishia pale, mwalimu. Mbele ya hapo natazama mawingu."

Kisha akaomba nimsaidie kusukuma mtumbwi.