SHAHADA YA UUGUZI: SAFARI INAYOANZIA SEKONDARI

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, katika jarida letu la mwaka huu tumeona tujibu swali ambalo wanafunzi wetu wengi, wa kike na wa kiume, huuliza wakiwa wamechelewa: vipi mtu hufika kusomea uuguzi chuo kikuu hapa Tanzania?

Kuhudumia wagonjwa ni kazi tukufu. Historia inamtaja Bibi Rufaida al-Aslamiyya (r.a.), aliyewauguza majeruhi katika hema lake Madina zama za Mtume (s.a.w.). Lakini nia njema peke yake haimwingizi mtu chuoni. Tuangalie yafuatayo:

1. MASOMO. Anayetoka kidato cha sita huhitaji kufaulu Kemia na Biolojia, pamoja na somo la tatu, aghalabu Fizikia. Basi anayeiacha Kemia kidato cha tatu kwa kuiona ngumu, amejifungia mlango huu kabla hajaufikia.

2. NJIA YA STASHAHADA. Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga kwa miaka mitatu, kisha akifaulu vizuri akaomba shahada. Ili apokelewe hutakiwa awe amefaulu masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hapa tuambiane ukweli: alama A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu haihesabiwi katika manne hayo. Tusiache kusoma dini yetu, lakini pia tusiifanye kuwa kisingizio cha kuyakimbia masomo ya sayansi.

3. CHUO. Shahada huchukua miaka minne, na hufuatiwa na mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Miongoni mwa vyuo vinavyoitoa ni Muhimbili (MUHAS) cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, na kile cha Bugando, Mwanza. Kabla ya kulipa hata senti, hakikisha chuo na kozi vimo katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), unaotolewa kila mwaka. Uliza pia wanafunzi hufanya mazoezi hospitali gani, kwani uuguzi haujifunzwi kwa kitabu peke yake.

4. MAOMBI. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni. Omba zaidi ya chuo kimoja. Ukichaguliwa na vyuo viwili au zaidi, ni lazima uthibitishe kimoja ndani ya muda uliowekwa. Wapo wanaofaulu kisha wakapoteza nafasi kwa kutothibitisha.

5. ADA. Mkopo huombwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na maombi hayo ni mbali na yale ya chuo. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, au na mamlaka husika kwa waliozaliwa Zanzibar. Wazazi, tunakuombeni msisubiri matokeo ndipo mkakitafute.

Mwanafunzi mpendwa, ikiwa uko kidato cha pili leo, safari yako imeshaanza. Zungumza na mwalimu wako wa sayansi wiki hii, na umtegemee Mola wako.

Wabillahi tawfiq.