Ree Mbili Mkononi, Mtaji Mzito Mezani

Julai 2017, katika hoteli ya Rio mjini Las Vegas, Vanessa Selbst aliinua pembe za karata zake mbili akakuta ree na ree. Ree, ambayo wengi siku hizi huiita esi, ndiyo karata kubwa kuliko zote katika poka, na kuzipata mbili kwa pamoja hutokea kwa wastani mara moja katika migao 221. Selbst hakuwa mgeni wa meza. Mmarekani huyu aliyesomea sheria katika Chuo Kikuu cha Yale alikuwa ameshinda mataji matatu ya World Series of Poker, na hakuna mwanamke aliyekuwa amevuna fedha nyingi kuliko yeye katika mashindano ya mchezo huo. Upande wa pili alikuwapo Gaelle Baumann wa Ufaransa, aliyewahi kushika nafasi ya 10 katika shindano kuu la mwaka 2012. Baumann alikuwa na saba mbili.

Mgawaji akafungua karata tatu za kwanza: ree, saba, tano. Ya nne ikawa saba. Ya tano ikawa nne. Selbst sasa alikuwa na ree tatu na saba mbili, Baumann alikuwa na saba zote nne. Selbst akaweka dau kubwa, Baumann akasukuma mtaji wake wote katikati. Selbst akafikiri kwa muda mrefu, kisha akalipa. Kiingilio chake cha dola 10,000 kikawa kimekwenda katika saa za mwanzo kabisa za siku yake ya kwanza.

Watu walisema ni bahati mbaya, na kweli ilikuwa bahati mbaya. Lakini mimi kinachonivuta katika mchezo ule ni kusita kwake. Mtu ana ree tatu na saba mbili, mkono unaoshindwa na karibu hakuna, na bado anakaa akijiuliza kama autupe. Mchezaji wa kawaida angelipa kabla mwenzake hajamaliza kusukuma sarafu zake. Selbst alisita kwa sababu alijua kitu ambacho wengi wetu tunaoshika karata hatukipimi ipasavyo: uzito wa mtaji uliokuwa mezani.

Siku ile kila mchezaji alianza na sarafu 50,000, na dau kubwa la lazima, lile linalowekwa kabla ya kuona karata, lilikuwa 150. Maana yake kila mmoja alikuwa na mtaji wa kulipa dau hilo mara 333. Kwa mtaji kama huo, fedha zote haziingii katikati kwa bahati wala kwa pupa ya raundi moja. Lazima zipandishwe ngazi kwa ngazi, na kila ngazi inaeleza jambo kuhusu anayeipanda.

Kwa asiyecheza, aina ya poka inayozungumzwa hapa ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunguliwa katikati: tatu, moja, halafu moja. Kila hatua ina raundi ya madau. Mshindi ni mwenye karata tano bora kati ya saba anazoziona, au yule ambaye wenzake wote wamekata tamaa wakatupa zao. Tuliokulia michezo ya turufu tunaingia humo na desturi moja mbaya. Turufu kubwa kuliko zote hubaki kubwa mpaka mchezo uishe, haishushwi cheo na karata iliyofunguliwa baadaye. Katika poka, ree mbili zinazotamba mwanzoni zinaweza kuwa jozi ya kawaida tu mezani palipojaa kopa nne, na karata hizo mkononi mwako hazijabadilika hata kidogo.

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo kiini kilipo. Chukulia madau ya lazima ni 100 na 200. Unapandisha hadi 600 ukiwa na ree na kingi, na mmoja tu, yule wa dau kubwa la lazima, anakulipa. Kitita cha katikati ni 1,300. Karata zinafunguliwa, ree iko juu. Una jozi kubwa na karata nzuri ya kuisindikiza. Kama ulianza na 4,000, umebakiwa na 3,400, ambazo hazifiki mara tatu ya kitita. Madau mawili na umemaliza. Hapo usijisumbue kuwaza sana, weka fedha. Anayekulipa anaweza kuwa na ree dhaifu, jozi ya chini, au karata nne zinazosubiri ya tano. Wengi wao umewazidi.

Sasa badilisha jambo moja tu: ulianza na 60,000. Karata ni zilezile, kitita ni kilekile, lakini mtaji uliobaki ni karibu mara 46 ya kitita. Hata ukiweka dau linalolingana na kitita kizima katika kila raundi, yaani 1,300, kisha 3,900, kisha 11,700, utakuwa umetoa 16,900. Zaidi ya 42,000 bado ziko mbele yako. Basi ili fedha zako zote ziingie, ni lazima mtu apandishe juu ya dau lako, pengine zaidi ya mara moja. Nani atakayepandisha? Ni mtu anayeiona ree ileile unayoiona wewe, aliyesikia ukiweka dau raundi baada ya raundi, na bado anataka kitita kikue. Mtu huyo mara nyingi ana jozi mbili, au tatu za namba moja, au mfululizo uliokamilika. Wenye ree dhaifu waliokuwa wakikulipa walipokuwa na mtaji mdogo wamekwisha kutupa karata. Waliobaki ni waliokuzidi.

Uwiano huo wa mtaji kwa kitita ulipata nafasi yake katika mafunzo ya poka kupitia kitabu cha mwaka 2007, Professional No-Limit Hold 'em, cha Matt Flynn, Sunny Mehta na Ed Miller. Wachezaji wakongwe walikuwa wakiujua mikononi mwao kabla ya hapo, lakini waandishi hao waliupa namba ambayo mtu anaweza kuihesabu kabla karata ya kwanza haijafunguliwa. Naona huo ni mchango mkubwa kuliko vitabu vingi vya mbinu za kusoma nyuso za watu.

Mikono inayoumiza zaidi ni ile iliyo mizuri nusu. Jozi mbili ndogo, kwa mfano. Una ree na tano, mezani pana ree, saba, tano. Mwenzako ana ree na kingi, umemshinda. Karata ya nne inakuja saba. Tano zako zimekufa palepale: nyote wawili sasa mna ree mbili na saba mbili, na kingi yake inaila tano yako. Hakuna aliyeiona hatari hiyo usoni pake, kwa kuwa saba ya pili haionekani kutisha. Au mfululizo wa upande wa chini, ambao mwenye karata moja juu yako anaushinda kwa hatua moja tu. Au kopa tano ambazo kubwa yake ni tisa.

Hata tatu za namba moja hazina kinga. Mwaka 2006, katika kipindi cha televisheni cha High Stakes Poker, Daniel Negreanu wa Kanada alikuwa na sita mbili na Gus Hansen wa Denmark tano mbili. Karata tatu za kwanza zilikuwa tisa, sita, tano. Negreanu alikuwa mbele, sita tatu dhidi ya tano tatu. Karata ya nne ikawa tano. Negreanu akawa na sita tatu na tano mbili, Hansen na tano nne, na kitita kikafika dola 575,700. Simlaumu Negreanu. Mkono ule karibu kila mchezaji mzuri angelipa. Kadhalika Selbst: zilikuwa zimebaki saba mbili tu nje ya meza, kwa hiyo namna ya kuwa na saba nne ilikuwa moja, wakati namna za kuwa na tano mbili zilikuwa tatu. Alilipa sawasawa. Tofauti yake na sisi ni kwamba aliihesabu.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo linagharimu vilevile. Mtu akishasikia haya huanza kupita raundi zote akiwa na ree mbili kwa hofu ya kukuza kitita. Mezani pana kopa mbili na mwenzake ana kopa mbili mkononi, ambaye kwa karata mbili zijazo ana uwezekano wa takriban asilimia 35 kukamilisha kopa tano. Kumruhusu azione bure ni kumpa zawadi. Weka dau mapema, wakati bado uko mbele na wengi dhaifu wapo. Mwenye jozi aliyogawiwa mkononi hupata ya tatu katika karata tatu za kwanza mara moja tu kati ya nane au tisa, basi mtoze aitafute. Kinachotakiwa ni kujua kitita unachokitaka kabla hujaanza kukijenga. Kwa jozi moja, raundi mbili za madau mara nyingi zinatosha. Ukipandishiwa katika raundi ya mwisho na mtu mtulivu, laza karata zako bila kinyongo.

Na nafasi ya kukaa ni nusu ya ulinzi. Anayeamua wa mwisho ndiye anayechagua kama raundi iongezwe dau au ipite, hivyo ndiye mwenye mamlaka ya ukubwa wa kitita. Ree na kingi ukiwa wa mwisho, na ree na kingi ukiwa wa kwanza, kwa mtaji wa mara 300, ni karata mbili tofauti kabisa.

Vijana wengi leo wamejifunza poka kwa kutazama hatua za mwisho za mashindano, ambako mitaji imekonda na kila mtu anasukuma fedha zote kwa jozi moja. Ni burudani nzuri, lakini ni shule ya mtaji mdogo. Kama mnajifunza pamoja nyumbani, chezeni kwa vifuniko vya chupa visivyo na thamani, kila mmoja aanze na mara 300 ya dau kubwa, na kila mchezo mkubwa ukiisha fungueni karata mjadili ni dau lipi lilipaswa kuwa la mwisho.