Kitanda cha ukutani: Usalama umo katika vyuma, si katika uzuri wa mbao

KITANDA cha kukunjwa ukutani huokoa nafasi katika chumba kidogo, lakini usalama wa anayekitumia hutegemea vyuma vichache ambavyo mnunuzi huwa havioni. Vyuma hivyo ni bawaba, springi au pistoni, na boliti zinazokishikilia ukutani.

Aprili 2022, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitangaza kurejeshwa kwa vitanda vya aina hiyo vipatavyo 129,000, kufuatia taarifa za vitanda kubanduka ukutani na kuwaangukia watu. Mwanamke mmoja mwenye umri wa miaka 79 alipoteza maisha.

Kitanda hicho kilipata umaarufu nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia kwa William Lawrence Murphy, mkazi wa San Francisco aliyekuwa akiishi katika chumba kimoja. Jina lake hutumika hadi leo kukitaja kitanda cha namna hiyo.

Kanuni yake ni ya mizani. Uzito wa kitanda huvuta kuelekea chini, na springi au pistoni huvuta kuelekea juu. Nguvu hizo mbili zikikaribiana, mtu mmoja hukiinua bila taabu.

Kwa mfano, kitanda chenye urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 60, godoro likiwamo, huwa na kitovu cha uzito umbali wa mita moja kutoka kwenye bawaba. Ikiwa pistoni zinasukuma sentimita 25 tu kutoka kwenye bawaba hiyo, zitahitaji nguvu mara nne ya uzito, yaani sawa na kilo 240. Zikiwa mbili, kila moja itabeba kilo 120, au takriban nyutoni 1,200.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni kupima uzito wa godoro na fremu kabla ya kwenda dukani. Pistoni dhaifu hukiacha kitanda kianguke kwa kishindo, na yenye nguvu kupita kiasi hukifanya kijiinue chenyewe.

Springi za chuma zina faida ya kudumu, na katika mifumo mingi idadi yake huweza kuongezwa au kupunguzwa kulingana na uzito. Pistoni za gesi hazina kelele, lakini gesi hupungua kadiri miaka inavyopita. Inapochoka moja, inafaa zibadilishwe zote mbili ili kitanda kisipinde upande mmoja.

Aidha, pistoni haipaswi kuunganishwa kabla godoro halijawekwa. Fremu tupu ni nyepesi, na huweza kuruka juu ghafla na kumjeruhi fundi.

Hata hivyo, vyuma bora havisaidii kitu iwapo ukuta haukushika. Kitanda kinapoteremshwa, uzito husogea mbele na kulivuta kabati kutoka ukutani, hasa upande wa juu. Boliti za juu ndizo zinazobeba hatari hiyo.

Katika nyumba za Marekani zenye kuta za ubao wa jasi, skrubu hazina budi kufika kwenye nguzo za mbao zilizo ndani ya ukuta. Katika ukuta wa matofali ya saruji, boliti ya kupanuka ipite lipu na kuingia ndani ya tofali lenyewe. Kama matofali ni yenye uwazi ndani, ni salama zaidi kupitisha boliti hadi upande wa pili na kuikaza kwa bapa la chuma.

Kwa wakazi wa miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, upo pia adui mwingine: kutu. Hewa ya chumvi hula chuma haraka, hivyo inafaa kuchagua vyuma vilivyopakwa zinki au visivyoshika kutu.

Mnunuzi ahakikishe pia kwamba kuna komeo la kukizuia kitanda kinapokuwa kimesimama, hasa penye watoto. Boliti zikaguliwe mara kwa mara. Ikionekana imelegea hata moja, au kabati limeanza kuachana na ukuta, kitanda kisiteremshwe hadi fundi akirekebishe.