Shirika la Ndege Likifilisika, Nauli Yako Iko Wapi?

Ndugu msomaji, huenda utauliza: Sisi watu wa Gorong'a, wenye ng'ombe wetu na mashamba yetu ya mahindi, habari za ndege zatuhusu nini?

Zatuhusu sana. Hesabu nyumba za jirani zako. Katika hii mna kijana anayefanya kazi Dar es Salaam. Katika ile mna mgonjwa aliyepewa barua ya kwenda Muhimbili. Katika ya tatu wamengoja ndugu yao aje kuzika. Zamani ndege ilikuwa ya wakubwa na wageni. Siku hizi baba auza ndama, fedha yaingia katika simu, kijana abonyeza namba, na tiketi imekwisha kununuliwa kabla chai haijapoa.

Lakini tazama jambo hili. Fedha yatoka leo, safari ni ya mwezi ujao. Katika siku hizo za katikati, wewe ni mtu aliyekopesha. Umelikopesha shirika la ndege fedha ya ndama wako, nalo limekuahidi kiti. Je, shirika likifa kabla ya siku ya safari, utamdai nani?

YALIYOTOKEA MWAKA 2018

Tarehe 29 Novemba 2012 shirika la Fastjet lilianza kuruka katika Tanzania. Safari zake za kwanza zilitoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Watu wa Kanda ya Ziwa walifurahi, kwa maana nauli ya chini kabisa ilitangazwa kuwa shilingi 32,000, bila kodi na tozo. Wengi walipanda ndege mara ya kwanza maishani mwao kwa ajili ya bei hiyo. Mtu wa Tarime aliweza kwenda kwa basi hadi Mwanza, kupitia Bunda na Magu, kisha akafika Dar es Salaam kwa muda wa saa moja na nusu tu angani.

Lakini nauli ndogo yataka abiria wengi na gharama ndogo, na kazi ya ndege ina gharama kubwa. Mwezi wa Novemba 2018 kampuni mama iliyosajiliwa Uingereza ilijitoa, ikaacha hisa zake kwa wengine. Katikati ya Desemba mwaka huohuo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, ilitangaza kwamba shirika lina madeni, ikalipa taarifa ya siku 28 kuhusu kuondolewa leseni, tena ikalitaka liwarudishie nauli abiria waliokwisha kulipa. Ilikuwa majira ya Noeli, wakati ambapo watu wengi kuliko siku zote husafiri kwenda kwao. Shirika hilo halikurudi tena katika anga la Tanzania.

Wala si hilo tu. Mwezi wa Novemba 2012 shirika la Jetlink la Kenya lilisimamisha safari zake. Lilisema fedha yake, kiasi cha dola milioni 2, imekwama katika mabenki ya Juba, Sudan Kusini. Tazama ajabu hii: ndege zapaa, abiria wapo, tiketi zauzwa, na hata hivyo shirika laanguka kwa sababu fedha yake iko mahali isipoweza kutoka.

Na wazee wetu wakumbuka shirika la East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kumilikiwa na serikali za Afrika ya Mashariki. Lilikufa mapema mwaka 1977, katika mwaka uleule ambao Jumuiya ilivunjika. Mapatano ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya yalitiwa sahihi Arusha mwaka 1984, yaani miaka saba baadaye. Na wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya waliendelea kudai haki zao mahakamani hata baada ya mwaka 2000. Basi usidhani kwamba shirika la serikali haliwezi kufa, wala usidhani kwamba madai ya shirika lililokufa humalizika upesi.

KAMPUNI IKIFA, NANI HULIPWA KWANZA?

Sheria huihesabu kampuni kuwa kama mtu. Yaweza kukopa, kushtaki na kushtakiwa. Nayo yaweza kufa. Mtu akifa na madeni, ukoo humchagua msimamizi wa mirathi, naye husema: "Mwenye kumdai marehemu na aje." Kampuni ikifa, mtu huyo huitwa mfilisi. Kazi yake ni kukusanya mali iliyobaki, kuiuza, na kuwalipa wadai kwa mpango wa sheria.

Shida iko katika mpango huo. Benki iliyokopesha kwa rehani huishika rehani yake. Gharama za ufilisi hutolewa. Kodi za serikali na mishahara ya wafanyakazi hutangulizwa. Ndipo wafuata wadai wa kawaida: aliyeuza mafuta, aliyepika chakula cha abiria, aliyefua nguo za wahudumu, na wewe mwenye tiketi. Wenye hisa hukaa nyuma ya wote.

Labda utasema: "Lakini ndege zenyewe zina thamani ya mabilioni. Ziuzwe, tulipwe!" Kumbe, mara nyingi ndege si mali ya shirika. Imekodishwa, kama vile mtu anavyokodi trekta kwa msimu wa kulima. Mwenyewe akiona kodi hailipwi, huja akachukua ndege yake. Kinachobaki ni meza, viti na kompyuta za ofisini. Kwa hiyo wadai wa kawaida mara nyingi hupata sehemu ndogo tu ya deni lao, au hukosa kabisa. Nasema haya si kwa kukukatisha tamaa, bali ujue kwamba anayewahi na mwenye karatasi ana nafuu kuliko anayekaa akingoja.

TOFAUTISHA MAMBO MAWILI

Kufuta safari si kufilisika. Shirika lililo hai likifuta safari yako, deni ni lake, nalo lina fedha ya kukulipa. Dai nauli yako au safari nyingine. Likikupa hati ya kusafiri siku za mbele badala ya fedha, na hali yake ikiwa ya mashaka, afadhali fedha. Hati ya shirika lililokufa ni karatasi tu.

Liko pia Agano la Montreal la mwaka 1999, ambalo Tanzania ni mwanachama wake. Agano hilo lasaidia kama mzigo umepotea, au kama ndege imechelewa na kukutia hasara, au mtu ameumia. Halikuwekwa kwa ajili ya shirika lililofilisika. Usipoteze muda kwenye mlango usio wako.

NJIA ZA KUDAI

Kwanza jiulize: Nililipa kwa njia gani, na nani hasa aliyelipa? Hili la pili husahauliwa sana. Ikiwa mtoto wako aliye Nairobi au Dar es Salaam ndiye aliyelipa, fedha hurudi kwake, si kwako uliyeandikwa katika tiketi. Basi yeye ndiye aandike madai, nawe umpe nakala ya tiketi.

Ikiwa alilipa kwa kadi ya benki, aende kwenye benki yake mara moja. Aseme kwamba alilipia huduma ambayo haikutolewa, na kwamba ataka malipo yapingwe. Benki yaweza kuifuata fedha kwa benki ya muuzaji. Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote, lakini ina muda wake maalum. Miezi ikipita mlango hufungwa.

Ikiwa ulinunua kwa wakala, rudi kwa wakala siku ileile unaposikia habari. Fedha ya tiketi haifiki kwa shirika papo hapo. Yaweza kukaa njiani siku kadhaa. Ukiwahi, huenda bado iko mahali pa kushikwa. Dai pia risiti yenye jina lake na muhuri.

Ikiwa ulilipa kwa simu, tunza ujumbe wa malipo wenye namba ya muamala. Mtandao wa simu hauwezi kukurudishia fedha kwa sababu tu shirika limekufa, lakini ujumbe ule ndio ushahidi wako kwamba ulilipa, lini, na kiasi gani. Ukifutika, omba taarifa ya miamala yako kwa kampuni ya simu.

Katika ofisi ya parokia, kazi yangu ni vitabu na barua, na watu huja niwasaidie kuandika madai ya namna nyingi. Mama mmoja alikuja na madai ya nauli ya mwanawe. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Lakini ujumbe wa simu ulikuwa umefutwa ili kupata nafasi ya picha za arusi, na wakala hakumpa risiti. Tuliandika barua, nayo haikujibiwa. Haki ilikuwapo, kilichokosekana ni karatasi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAHALI PA KUPELEKA BARUA

Andika kwanza kwa shirika lenyewe. Usipojibiwa, au majibu yasiporidhisha, peleka malalamiko kwa TCAA, ambayo ndiyo hutoa leseni za mashirika ya ndege. Liko pia baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, lililowekwa kusikiliza na kutetea abiria. Kama mfilisi amewekwa, andika kwake, maana yeye ndiye mwenye daftari la wadai. Tangazo la ufilisi hutolewa katika Gazeti la Serikali na katika magazeti ya kawaida. Kwa hiyo mwambie kijana wako mjini aangalie. Asiyeandikisha deni lake kwa wakati aweza kuachwa nje wakati wa kugawana.

Barua yenyewe isiwe ndefu. Hasira haihitajiwi, hesabu yahitajiwa. Andika hivi:

"Mimi, (jina kamili kama lilivyo katika tiketi), nilinunua tiketi namba (…) ya safari ya kutoka (…) kwenda (…), tarehe (…). Nililipa shilingi (…) kwa njia ya (…), namba ya malipo (…), tarehe (…). Safari hiyo haikufanyika. Naomba kurudishiwa fedha hiyo yote, au niandikwe katika orodha ya wadai. Naambatisha nakala ya tiketi na ya risiti. Naomba jibu la maandishi."

Tia sahihi, tia tarehe, baki na nakala. Usitoe karatasi zako za asili kwa mtu yeyote, peleka nakala.

JIHADHARI NA MATAPELI

Shirika likianguka, matapeli huamka. Mtu atakupigia simu aseme: "Mzee, fedha yako ya tiketi iko tayari, nitajie namba yako ya siri," au, "Tuma shilingi elfu ishirini za kufungua faili." Kata simu. Mfilisi wa kweli hana haja ya namba yako ya siri, wala hakutozi ili akulipe.

WENZETU WAMEFANYAJE?

Katika Uingereza kuna mpango uitwao ATOL, ulioanza mwaka 1973. Kwa kila msafiri wa safari zilizo chini ya mpango huo, kampuni hutoa pauni 2 na nusu katika mfuko. Tarehe 23 Septemba 2019 kampuni kubwa ya Thomas Cook ilipoanguka, serikali ilikodi ndege ikawarudisha makwao watu zaidi ya 140,000, na waliokuwa na safari za mpango huo wakarudishiwa fedha zao. Kwetu mfuko wa namna hiyo hatuna. Nasi twajua nguvu ya kuchanga: katika kijiji chetu msiba wa mmoja hubebwa na wengi, kila mtu kwa kidogo chake. Lingekuwa jambo jema wakubwa wetu wakalifikiri kwa abiria.

KABLA HUJATOA FEDHA

Mpaka siku hiyo ifike, mlinzi wa nauli yako ni wewe mwenyewe. Usinunue tiketi mapema mno kwa tamaa ya bei ndogo, kama habari za shirika si nzuri. Ukisikia safari zafutwa mara kwa mara, wafanyakazi hawajalipwa, au ndege zimepungua, hizo ni dalili. Ng'ombe hafi kwa siku moja, huanza kwa kukataa majani. Kama safari ni ya hospitali na haiwezi kungoja, weka kando nauli ya basi ili usikwame Mwanza na mgonjwa. Na siku ile unaponunua, andika katika daftari: namba ya tiketi, namba ya malipo, kiasi, tarehe, jina la aliyelipa. Mistari mitano tu.

Na haya yote yafaa pia kwa tiketi ya basi, kwa mbegu zilizolipiwa kabla ya kuletwa, na kwa karo iliyotangulizwa. Mpe kazi hiyo mtoto aliye shuleni, aandike usiku uleule, nawe umsikilize akikusomea namba.