Maktaba ya McMillan na Mlango Wake

Katika Mtaa wa Banda, katikati ya jiji la Nairobi, jirani na Msikiti wa Jamia, limesimama jengo la mawe lenye nguzo ndefu mbele na sanamu mbili za simba mlangoni. Hiyo ndiyo Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi ya mwanzo Mwafrika apitaye njia hiyo aliweza kuwatazama simba hao apendavyo, lakini kitabu hakuweza kuazima. Ili kufahamu jinsi mambo yalivyokuwa hivyo, yafaa kwanza kueleza asili ya maktaba za ada.

Zamani, huko Ulaya, vitabu vilikuwa ghali mno, na fundi wa kawaida hakuweza kujinunulia vingi. Basi watu walichanga. Kila mwanachama alitoa ada yake, fedha zikatiwa katika mfuko mmoja, kamati ikachagua vitabu, navyo vikasomwa kwa zamu. Mwaka 1788 watu wa mji wa Belfast, huko Ayalandi, waliunda Chama cha Kusoma cha namna hiyo. Wengi wao hawakuwa mabwana wakubwa: mmoja alikuwa mtengenezaji wa bunduki, mwingine mwoka mikate. Watu wakisoma pamoja huzungumza pamoja, na Serikali ya siku zile haikukosa kuliona hilo. Thomas Russell, aliyekuwa mtunza vitabu wa chama hicho, alitiwa gerezani mwaka 1796, na mwaka 1803 akanyongwa kwa kutaka kuuondoa utawala wa Waingereza nchini mwake. Maktaba yenyewe haikufa. Ingali ikiazimisha vitabu hata leo, kwa jina la Linen Hall.

Waingereza waliichukua desturi ya ada walikohamia. Katika Kenya iliongezewa sharti la pili, nalo zito zaidi, yaani rangi ya mtu.

Sir William Northrup McMillan alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa St. Louis, mwenye mali nyingi na shamba kubwa huko Juja. Theodore Roosevelt alikuwa mgeni wake mwaka 1909. Alifariki mwaka 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk. Mkewe, Lady Lucie, akataka jina la mumewe likumbukwe kwa maktaba. Sehemu ya gharama ilitolewa na shirika la Carnegie la New York, na hapa pana jambo la ajabu kidogo. Andrew Carnegie, mwenye kuanzisha shirika hilo, alipokuwa kijana maskini apelekaye simu mjini Pittsburgh, alizuiwa kuazima vitabu bure kwa kuwa hakuwa mwanagenzi wa ufundi. Akatakiwa alipe ada. Aliandika barua gazetini kulalamika, naye akakubaliwa. Miaka mingi baadaye fedha za kijana huyo zilisaidia kujenga nyumba ya vitabu ambayo karani wa Kiafrika, hata akiwa na ada mkononi, hakuruhusiwa kuitumia.

Waafrika waliopenda kusoma hawakuketi wakingoja mlango ufunguliwe. Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, yenye makao Nairobi. Ilichapa vitabu kwa Kiswahili na lugha nyingine za wenyeji, na baadaye ikapeleka masanduku ya vitabu mashuleni na vijijini, tena ikawaazimisha wasomaji kwa njia ya posta. Hivyo mwalimu wa mbali aliweza kupata kitabu kwa posta, ilhali mwenzake afanyaye kazi umbali wa hatua chache tu kutoka Mtaa wa Banda alipita mbele ya maelfu ya vitabu bila kugusa hata kimoja.

Mwaka 1962 Halmashauri ya Jiji iliitwaa Maktaba ya McMillan, nayo ikawa ya watu wote. Baadaye ikapata matawi Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya Mashariki walikokaa wafanyakazi. Miaka ikapita na majengo yote matatu yakachakaa. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha shirika liitwalo Book Bunk ili kuyatengeneza kwa kushirikiana na Kaunti ya Nairobi. Kazi haikuanzia kwenye nguzo na simba wa Mtaa wa Banda. Yaliyotangulia kukarabatiwa ni yale matawi mawili ya Kaloleni na Makadara.