Dagaa katika Kijiko cha Kwanza

Usiku usio na mbalamwezi, bahari iliyo mbele ya Kilindoni, kisiwani Mafia, huwaka taa kama mtaa wa mjini. Ni wavuvi wa dagaa. Kukicha, samaki hao huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa juani, kisha hutiwa magunia na kuvushwa bara. Hatua chache kutoka ufukweni, mtoto aliyetimiza miezi sita anaonjeshwa chakula chake cha kwanza: uji mwepesi wa sembe wenye sukari, kama watoto wengi nchini.

Wataalamu wa lishe huiita hatua hii kulikiza. Mtoto anaendelea kunyonya, na chakula kinakuja kuongezea maziwa, hakiji kuyafukuza. Miezi sita nayo ina sababu. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, na akiba hiyo huanza kwisha anapokaribia nusu mwaka. Maziwa ya mama, pamoja na sifa zake zote, yana chuma kidogo mno kuijaza. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya chakula cha kwanza ni hili: kina chuma? Sembe iliyokobolewa haina cha kutosha. Unga wa muhogo, ambao watu wa Mafia hawaukosi nyumbani, hauna pia, na protini yake ni haba. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku.

Swali la pili ni la uzito wa uji, na hapa ndipo mama wengi hukosea bila kujua. Tumbo la mtoto huchukua takriban gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya mwili wake. Wa kilo 7 hushiba kwa mililita 210 hivi, kikombe kimoja tu. Kikombe cha uji wa kunywa, wenye unga gramu 20, kina kilokalori kama 70. Kati ya miezi sita na minane mtoto anahitaji kilokalori zipatazo 200 kwa siku juu ya zile za ziwa. Azipate wapi? Akinywa vikombe vitatu vya uji huo, hatanyonya tena. Mama anaona tumbo limejaa na mtoto amelala, naye anaridhika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na huenda wengi wao hawakulala na njaa. Walishibishwa maji.

Uji wa mtoto unapaswa kukaa kijikoni, usichuruzike. Ukiwa mzito kupita kiasi, zipo njia mbili za kuulainisha bila kuumwagia maji. Ya kwanza iko kwenye mnazi: kasimile, lile tui la kwanza, huongeza nguvu nyingi bila kuongeza ujazo, na Mafia hakuna anayehitaji kufundishwa kukuna nazi. Ya pili ni kimea. Mwaka 1983, A. C. Mosha na U. Svanberg walichapisha utafiti uliofanywa Tanzania ulioonyesha kwamba unga kidogo wa nafaka iliyooteshwa huufanya uji mzito uwe wa kunyweka, kwa sababu vimeng'enya vya chipukizi huvunja wanga. Wapika togwa walilijua hilo zamani, bila maabara. Kimea cha ulezi ndicho salama zaidi kwa mtoto. Chipukizi za mtama zina sumu ya sianidi na lazima zipukuchwe zote.

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka nane au kumi pamoja na karanga na soya, mwandishi huyu ana shaka. Kila kimoja huiva kwa muda wake, na karanga au mahindi yaliyovunda huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Nafaka moja safi na dagaa wa jirani ni bora kuliko gunia la mchanganyiko usiojulikana umekaa ghalani tangu lini.

Dagaa wenyewe wanahitaji mkono wa subira. Wale waliochemshwa kwa chumvi huloekwa katika maji ya moto na kubadilishiwa maji mara mbili tatu, kwa sababu mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kupata hata gramu moja ya chumvi kwa siku. Mchanga nao hutoka hapo hapo. Kisha huanikwa tena, hukaangwa bila mafuta, hutwangwa kinuni na kuchekechwa ili pasibaki mwiba. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo hutiwa katika uji unaochemka. Chai ya rangi isipewe nafasi karibu na mlo huo, wala isipewe nafasi kabisa, maana huzuia chuma kufyonzwa.

Bibi wengi husema samaki, mayai na karanga vingoje mpaka mtoto atimize mwaka, asije akapata mzio. Sayansi ya tiba nayo iliwahi kusema hivyo. Mwaka 2015 utafiti wa London uliofuata watoto 640 waliokuwa hatarini zaidi ulionyesha kinyume: walioanza kula karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipata mzio wa karanga kwa nadra kuliko wenzao walioepushwa nazo. Karanga zenyewe ziwe zimesagwa laini, kwani nzima humkaba mtoto.

Mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti dagaa, na katika soko la Kilindoni samaki hao huadimika kwa siku kadhaa. Unga uliotwangwa na kufungwa vizuri kwenye mkebe mkavu huvuka siku hizo. Ukiisha, yai lililoiva sawasawa lipo, na choroko zilizopondwa kwa tui zipo, zikiwa na kipande cha papai pembeni ili chuma cha choroko kifyonzwe.